Uzi Mwekundu wa Sura ya Mwisho

Mimi nauza maua hapa Paso Molino, na kwa kuwa maua hayaongei, masikio yangu yote yapo kwa jirani yangu Nélida Bentancor, mwenye kibanda cha kubadilishana vitabu. Unaleta ulichosoma, unaondoka na kingine. Na kama wafanyavyo wasomaji wa vibandani, ukimaliza kitabu unaacha alama yako ndogo ukurasa wa mwisho, usije ukakichukua tena kwa kusahau. Huyu anaweka nyota, yule msalaba. Marehemu Wáshington, mume wa Nélida, alikuwa akichora kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani tunayoinywa huku kwetu, chenye mrija uliopinda.

Kitabu kimoja pale kilikuwa na masharti. Kiliitwa Wageni wa Jumba la Araminda, riwaya ya upelelezi iliyopendwa hadi jalada likabaki gundi tupu. Sura ya mwisho Nélida aliishona kwa uzi mwekundu. Ukifika hapo, sharti urudi kibandani umtajie unayemshuku, ndipo akukatie uzi. Ukimaliza, unarudisha bila kumwambia neno. Naye anaishona upya uso kaugeuzia barabarani.

Wageni walidhani ni mbinu ya biashara. Mimi najua kilichomsibu. Jioni Wáshington alikuwa akimsomea mkewe kwa sauti, na kabla ya sura ya mwisho kila mmoja anataja muuaji wake. Atakayekosea atakaanga maandazi siku ya kwanza ya mvua. Wáshington alikosea kila mara.

“Kichwa maji wewe!” Nélida alimpigia kelele mtaa mzima ukisikia, na mzee anatoka na aproni, unga hadi viwikoni, anacheka.

Kitabu chao cha mwisho kilikuwa hicho. Mume alisema muuaji ni mpiga piano, mke akasema ni shangazi. Wakaiacha sura kwa ajili ya kesho. Alfajiri moyo wa Wáshington ukasimama.

“Si ufungue tu ujue, mwanamke!” nilimwambia mara nyingi, maana mimi nisingeweza kuvumilia hata nusu saa.

“Nikikuta alipatia, nitamkaangia nani? Na kama alikosea, nitamtania nani?”

Basi akabaki kuwauliza watu asiowajua, huku hamu ya kujua inamtafuna na woga unamzuia.

Mwaka huu akaja Yamila, dereva wa lori la machungwa kutoka Salto. Alikatiwa uzi, akasomea ndani ya lori, akarudisha kitabu. Lakini hakuondoka.

“Mama, samahani, naomba kuuliza. Huyu wa kibuyu ni nani?”

“Kibuyu gani?”

“Hiki cha penseli, ukurasa wa mwisho. Nakikuta kwenye vitabu vyako vingi. Nataka nijue kasoma nini kingine, maana tunapenda vilevile.”

“Ni marehemu mume wangu. Ila hicho hakukimaliza.”

“Alikimaliza, mama. Tazama.”

Niliweka ndoo yangu chini. Nélida alivaa miwani, akatazama. Kibuyu kilikuwapo, na mrija umepinda vilevile. Akarudi nyuma kurasa mbili tatu, akasoma midomo ikichezacheza.

“Ni shangazi,” akasema. “Nimeshinda.”

Wala hakufurahi. Alikaa kwenye kigoda, kitabu mapajani, kisha akanigeukia.

“Jirani, si yeye ndiye aliyekuwa akileta vitabu kutoka gulio la Jumapili?”

“Yeye.”

“Anakaa navyo wiki nzima kabla ya kunionyesha. Eti anabandika migongo. Gundi gani hiyo inakauka wiki nzima?”

Hapo ndipo nami nilipoelewa.

“Alikuwa anajua,” akasema. “Vyote alikuwa ameshavisoma. Na mimi namwita kichwa maji mbele za watu!”

Akalia, halafu akacheka, halafu vyote viwili kwa pamoja. Maskini Yamila alikuwa akiomba radhi bila kujua kosa lake. Nilimpa shada zima la mikarafuu aende nalo Salto.

Mvua iliponyesha, Nélida alikaanga maandazi kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Yalikuwa magumu kama soli. Tuliyamaliza yote, huku tukisimuliana habari za Wáshington.

Kitabu alikishona tena, safari hii akitazama anachoshona. Juzi kijana mmoja mwanafunzi alikuja kukatiwa uzi.

“Haya, nani muuaji?”

“Mpiga piano. Sina shaka hata kidogo.”

Nikajifanya napanga waridi.

“Wazo zuri,” Nélida akasema, akitafuta mkasi. “Kuna mtu mwerevu kuliko sisi sote aliwahi kusema hivyohivyo.”