Unga wa Kusafisha Tumbo

Mildred hakuwa tapeli. Wanaouza mitumba pamoja naye Busia, upande wa Kenya, watakuambia hivyo. Alipougua korona, homa ilimwacha lakini tumbo halikutulia. Kila alichokula kilimgeuka, akakonda hadi pete ikamdondoka. Mteja mmoja akampa kopo la unga wa mitishamba wa kusafisha tumbo. Akaunywa, akapona. Pengine angepona hata bila unga, maana mwili nao una subira yake, lakini mtu aliyetoka shimoni hachunguzi sana kamba. Akaanza kuuza makopo hayo kando ya nguo, na kila aliyemuuzia alimwombea kwa jina.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Dorah, mkulima wa Iyolwa, ng'ambo ya Uganda, aliyemletea wimbi. Mwaka jana Dorah alipata homa ya ini. Alilazwa, macho yakiwa ya manjano, kisha akarudishwa nyumbani kwa maagizo mepesi: apumzike, ale kidogo kidogo, asitumie dawa yoyote asiyoandikiwa. Mama mkwe wake, Loy, akawa anampikia uji wa wimbi uliochachuka kidogo. Dorah akaanza kuketi mwenyewe.

Ndipo Mildred akaja na kopo.

"Ugonjwa umetoka, uchafu wake umebaki tumboni," alimwambia. "Unakunywa huu kwanza. Chakula baadaye."

Loy alikuwa amesimama na kikombe cha uji. "Dawa gani hii inakataza mtu kula? Basi mwaka ile ya njaa sisi wote tungepona."

"Mama, si uliniona nilivyokuwa?"

"Nilikuona. Ulikuwa kama ufagio."

Dorah alicheka, akanyoosha mkono, akapokea kopo la Mildred.

Akaanza kuharisha. Mildred akasema ni uchafu unaotoka. Imani ya namna hiyo haishindwi: kizunguzungu ni sumu inayokimbia, udhaifu ni mwili unaoanza upya. Alihamia pale kumuuguza, akimfulia mashuka na kumwosha kama mtoto. Loy alipoleta uji, Mildred aliurudisha kwa upole. "Bado, Mama."

Macho ya Dorah yakarudia umanjano. Asubuhi moja akamshika Mildred mkono.

"Mimi nasikia njaa, dada. Niache hii kitu?"

Mildred alilitazama kopo, akamfunika shuka.

"Vumilia," alisema. "Umebakiza kidogo tu."

Jioni Dorah hakumtambua hata mumewe. Walimkimbiza hospitali Tororo, na daktari akauliza mgonjwa alikuwa akitumia nini nyumbani. Loy alimgeukia Mildred, akamngoja aseme. Kusema kulikuwa wajibu wa mwenye kopo, naye Mildred ni mgeni; mgeni hasemewi.

"Uji," alisema Mildred. "Uji wa wimbi, uliochacha."

Dorah alikufa kabla ya mapambazuko.

Neno lile la uji lilifika Iyolwa kabla ya jeneza. Msibani wanawake wa ukoo walipika wenyewe, hawakumruhusu Loy kukaribia mafiga. Alikaa peke yake nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha. Hata angelitaja kopo, nani angemsikiliza mama mkwe?

Mildred alimpelekea sahani ya chakula. Akapiga magoti kama mkwe afanyavyo, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Kula, Mama."

Loy aliikunja miguu. Kisha akaipokea, kwa kuwa mgeni hakataliwi, akaiweka chini, nzi wakaanza kutua.