Inchi Nne Nilizompunguzia Mama Neema

Aibu hii nimeibeba tangu kiangazi kilichopita na leo naitua mbele yenu, maana waliokuwepo ukumbini wameshaisimulia Toronto nzima kwa kuitia chumvi, na mimi nataka muipate kwa mwenyewe.

Mke wangu, Mama Neema, tulipooana alikuwa mwembamba, na miaka yetu ya mwanzo hapa Crescent Town alizidi kukonda kwa kazi mbili na mawazo, mpaka nikawa namhofia. Mwili ulimrudi maisha yalipotulia, na jamani, alipendeza (nasema mbele yake na nyuma yake): nikimwona anashuka kwenye basi na mifuko yake ya sokoni, najiona nimeoa juzi. Kosa langu ni kwamba hayo yote niliyaweka moyoni.

Basi tukaombwa kuwa wasimamizi wa harusi ya binamu yake, Mama Neema akaamua gauni lake likashonwe Dar kwa fundi wake wa siku zote, mimi nikashika futi ya kupimia, yeye akashika simu, anamwandikia fundi kila namba ninayoitaja.

"Kiuno?" akauliza, kafumba macho kama anasubiri sindano.

Futi ilisema arobaini na moja. Mdomo wangu ukasema thelathini na saba.

"Kumbe sijanenepa!" akafurahi, akatuma, na mimi nikanyamaza (ungekuwa wewe, ungeanzia wapi?).

Gauni likaja ndani ya sanduku la mgeni aliyetoka Dar, asubuhi ya harusi yenyewe. Neema, binti yetu wa miaka kumi, alivuta zipu mpaka akaweka goti mgongoni mwa mama yake.

"Dad, it's stuck," akaniambia.

Mama Neema akakaa kitandani, akasema taratibu kwamba haendi, atakaaje meza kuu watu wote wakimtazama alivyofumuka ndani ya wiki tatu, na machozi yakamtoka, ndipo nikatamka: "Ilikuwa arobaini na moja."

Kisha akaomba pini, na kitenge cha kujitupia mabegani, tukaenda.

Zamu ya nasaha ilipofika, mshereheshaji akanipa kipaza sauti niwaambie maharusi siri ya ndoa yetu, na mimi kwa mazoea tu nikaropoka: "Kuambiana ukweli."

Mama Neema akasimama, akavua kitenge, akageuka. Zipu wazi hadi kiunoni, pini kumi na mbili, shimizi yote nje.

"Ukweli wake huu hapa," akasema. "Kanipunguza inchi nne kwa mdomo!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, bwana harusi akacheka mpaka machozi, mimi natafuta pa kujificha, naye akaenda kucheza mgongo wazi hivyo hivyo, mzuri kuliko bi harusi (bi harusi anisamehe).

Kwenye gari ndipo aliponimaliza. "Mwili wangu naujua, naubeba mimi. Nilikuwa nakuuliza kwa sababu nilidhani wewe ndiye huupendi."

Nikamwambia yote, ya basi na ya mifuko, mpaka nikapitiliza njia ya kuelekea kwetu.

Nimeapa sitarudia. Wiki iliyopita kaniita tena na futi yake, kuna harusi nyingine.

"Ngapi?"

"Arobaini na tatu," nikasema.

Akaandika, akatuma, akaweka simu chini, akaniambia nimpime tena, polepole.