Firigisi ya Thadei

Jumapili, tarehe 16 Februari 2025. Mvua ilinyesha Mpanda tangu alfajiri, ikakatika mchana.

Thadei, fundi baiskeli, alichinja kuku kwa sababu mama yake, Skolastika, alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka Kibaoni. Chakula kilipoiva alinawa, akavuta bakuli, akakoroga mchuzi mpaka chini. Firigisi haikuwemo. Kwao firigisi ni ya baba wa familia. Hata mtoto mdogo analijua hilo.

"Imekwenda wapi?" akamuuliza mkewe Restituta, mwenye mimba ya miezi sita.

"Nimeila. Na maini pia."

Thadei akamgeukia mama yake, akingoja ngurumo.

"Mama, kliniki wamesema damu yangu iko chini," Restituta akajitetea. "Nile nyama, maharage, mboga za majani. Nikijifungua na damu hii naweza nisiamke."

Skolastika alitafuna kwanza, akameza. "Thadei, wewe umepungukiwa damu?"

"Hapana, mama."

"Una mimba?"

"Mama jamani!"

"Basi kula shingo. Baba yako alikula firigisi zote, mimi nikabeba mimba zenu huku naanguka kwa kizunguzungu. Angeniachia hata moja, labda ungezaliwa na akili."

Thadei alikula shingo.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake, alikwenda sokoni, akanunua maini ya ng'ombe na mafungu mawili ya matembele, akayapeleka mwenyewe jikoni. Kisha akamwomba mkewe, kwa heshima zote, amwachie mchuzi.