Sikio la Fundi

Gari liko juu ya roli za kupimia nguvu, lakini fundi anaamini bisibisi yake: ncha kwenye injini, mpini sikioni, kama daktari aliyenyang'anywa vifaa. Injini hiyo ya silinda nne ameibadilishia kemshafti ili ivute hata ikizunguka kasi kabisa. Kesho dada yake mdogo, aliyeketi sasa kwenye usukani, ataendesha gari hili mashindanoni.

"Kaka, bado inachoka huko juu!"

"Kama wewe ukionyeshwa vyombo vya kuosha. Kanyaga tena!"

Fundi anacheka, huku kidole gumba kikisugua mpini bila kupumzika. Safari hii injini inapanda, inavuta, karakana nzima inatetemeka. Dada anashangilia. Fundi anapunga mkono izimwe.

"Shuka. Naifungua yote."

"Si imevuta?"

"Ndiyo maana. Bolti za ndani nilirudishia zile kuukuu, nguvu hii itazikata ukiwa kasi. Na dada ninaye mmoja."