Gari Lililokataa Kona

Mimi si mtu wa kushtushwa na kitu. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba ndizi za watu kutoka Marangu hadi sokoni Moshi, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi na nyumba mbili za vigae. Nimeshashuka mlima masika na pikapu ambayo breki zake zilikuwa za kuomba Mungu. Habari za magari mtu asinifundishe.

Lakini wiki ile ya kipaimara cha binti yangu, gari lilinishtua.

Mama alikuwa anakaa kwetu mjini kwa ajili ya matibabu ya magoti. Ibada ilikuwa Jumapili, kanisani kwetu juu Marangu, na mama alishatangaza kwamba atakaa benchi la mbele amwone mjukuu wake, na kwamba Jumamosi atalala kwake. Na mimi nilishawaambia ndugu zangu wote kwamba mama hapandi gari la kukodi nikiwa hai.

Alhamisi, tukitoka kliniki, nilikata usukani wote getini. Gari likakakamaa kama vile kuna mtu kavuta breki ya mkono. Nikaongeza mafuta, likaruka, chini kukasikika du.

Mama akashika dashibodi. "Baba, umekanyaga nini?"

"Jiwe, mama."

Kona ya pili, du. Ya tatu, du.

"Jiwe gani hili linatufuata?"

Barabara ikinyooka, gari lilikuwa tamu. Kwenye kona lilikuwa kama limefungwa kamba. Na njia ya kwenda kwetu ina kona tatu ambazo gari likigoma, unaitazama mibuni ya watu kwa juu.

Ijumaa asubuhi nikalipeleka kwa fundi wangu, jibaba lenye maneno kuliko mimi, linaloniita Mangi kama linavyomwita kila Mchagga.

"Mangi, nasikia gari limekugomea kama mbuzi wa Krismasi."

"Breki zimeshika," nikamwambia.

"Breki ikishika, inashika hata kwenye lami iliyonyooka."

Hakufungua kitu. Alilipeleka uwanjani nyuma ya gereji, akakata usukani mpaka mwisho, akaachia breki bila kukanyaga mafuta. Gari likazunguka nusu duara, likasimama lenyewe. Gari la zamani hili, la otomatiki, linavuta kwa magurudumu yote manne, na nilijua gia boksi ikifa, ndiyo limekufa.

Akafungua boneti, akachomeka fyuzi ndogo kwenye tundu lililokuwa tupu. "Hii inayakata magurudumu ya nyuma. Sasa yanavuta ya mbele tu." Akazungusha tena. Likageuka laini kabisa.

"Basi iache humo humo, niondoke."

"Ule utelezi wa kwenu utaupanda kwa mawili ya mbele? Au mama atashuka asukume?"

Kipande cha mwisho kwenda kwa mama ni udongo mtupu, na magoti yale hayawezi kukitembea.

"Una bahati," akasema. "Klachi inayounganisha magurudumu ya nyuma bado inaachia ikikatwa. Ingekuwa imeungua ikagandana, fyuzi isingesaidia. Sasa ni nani anayeichosha?"

Akazunguka nyuma, akasimama, akacheka peke yake. Majuma mawili nyuma nilikuwa nimeweka huko matairi mawili mapya, makubwa, ya meno. Kwetu mlimani hilo hakuna anayefundishwa: mvua ikianza, meno yanakwenda nyuma. Nilifanya hivyo miaka yote na pikapu, na pikapu inasukuma kwa nyuma.

Fundi akachomoa gamba kavu la mgomba uani, akalizungusha kwenye tairi la nyuma, akabana kwa kidole, kisha akalipima na la mbele. La nyuma likazidi kwa vidole vinne.

"Nyuma yanazunguka polepole, mbele mbio, na katikati yamefungwa pamoja. Mangi, wewe si mjinga. Ila hii si pikapu."

"Nani kasema mimi mjinga?"

"Ndiyo nasema si."

Akamwaga oili ya gia boksi, ambamo klachi ile inaoga. Ilitoka nyeusi, inanuka kama kahawa iliyoungua. Aliinusa, akaacha utani, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Tukaweka matairi manne ya saizi moja, oili mpya, akachomoa fyuzi, akaanza kuzunguka uwanjani. Du. Akazunguka tena, akamwaga oili, akaweka nyingine. Mimi nimesimama na funguo za duka mkononi, wateja wanakuta kufuli. Mzunguko mmoja ukapita na mtikisiko mdogo. Uliofuata, kimya.

"Imepona?"

"Imekubali. Kupona utaniambia wewe. Kona ya kwanza, zima redio usikilize."

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Mama alikaa mbele, anaimba wimbo wa kanisani kwa Kichagga. Kufika kwenye zile kona nikamwomba anyamaze kidogo. Akanitazama, akanyamaza. Nikakata usukani wote, huku korongo liko upande wake. Nilisikia kokoto tu. Ya pili, kokoto. Ya tatu, mama akaanza kuimba bila kuniuliza. Ule udongo wa mwisho tuliupanda kwa magurudumu yote manne, mpaka mlangoni kwake.

Nikimshusha, akanishika bega. "Lile jiwe limebaki mjini?"

"Limebaki, mama."

"Limekula kiasi gani?"

Ndugu zangu sijawaambia mpaka leo. Lakini mama nilishamdanganya mara moja kwa jiwe lile lile, ikatosha. Nikamwambia: laki tisa, elfu arobaini na mbili na mia tano, na hiyo mia tano ndiyo fyuzi.