Kibano cha Kuzungusha na Ngoma Inayohama

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Nilikabidhiwa stendi, ile yenye miguu mitatu, nikaambiwa niifungue na kuikunja mpaka mikono izoee. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani nikipalilia pamba, ndipo shangazi akanipeleka kwenye studio moja ya picha pale Bariadi mjini. Mwenye studio alikuwa mama mwenye sauti nene, na sote tulimwita Mkurugenzi. Chini yake alikuwepo kaka mmoja mrefu aliyeitwa Mpiga Picha Mkuu, ingawa mpiga picha mwingine hakuwepo. Mimi sikuwa na cheo.

"Hivi huwa unaongea?" Mkurugenzi aliniuliza wakati wa chai.

"Naongea."

"Afadhali. Maana mteja akikuita usije ukajificha nyuma ya stendi."

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kazi hii sasa, wengi wenu mkiwa na simu tu mkononi. Sisi tulikuwa na kamera moja nzito ya kurekodia, na ikipasuka, studio imefungwa. Kamera hiyo haikai juu ya stendi kwa uzito wake. Chini yake hufungwa kibamba kidogo cha chuma tunachokiita pleti. Pleti huingia kwenye kibano, na kibano kiko juu ya kichwa cha stendi, sehemu ile inayogeuka. Ukilegeza kibano, kamera inatoka pamoja na pleti yake na unaweza kukimbia nayo begani.

Mtu wa mjini anaweza kuuliza, kukimbia kwenda wapi? Kwetu Usukumani ngoma hushindana. Kundi la Wagika linacheza upande huu wa uwanja, kundi la Wagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na watu wako katikati. Hakuna anayepiga kura. Watu wenyewe wakinogewa huhama, na upande uliojaa ndio ulioshinda. Kwa hiyo picha ambayo kila kundi huitaka ni ile ya watu wakihama. Ukiikosa hiyo, hata kama umerekodi mchana kutwa, utaambiwa hukufanya kitu.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Bukundi. Aliyetuita alikuwa mzee mmoja ningi, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake. Wakati huo tulitumia kibano cha kikono: unasukuma kikono kidogo pembeni, kinalia tak, kimefunga. Ukikivuta, kimefunguka. Kilikuwa kimeanza kuwa kigumu, na asubuhi ya safari Mpiga Picha Mkuu alikilainisha kwa mafuta ya pamba kutoka jikoni kwao. Kikawa kinateleza vizuri sana, akanionyesha kwa furaha.

Lakini uwanja wa ngoma wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Vumbi liliingia kwenye mafuta yale likawa kama ugali. Kikono kililia tak kama kawaida, kumbe pleti haijabanwa. Watu walipoanza kuhamia kwa ningi, Mpiga Picha Mkuu aliinyanyua stendi nzima ili asogee, kamera ikachomoka. Akaidaka kwa kifua na kuanguka nayo chali. Haikuvunjika. Ila kilichorekodiwa ni kifungo cha shati lake, halafu mawingu.

Ningi alikuja kutazama kwenye kioo kidogo cha kamera. Akatazama mpaka mwisho.

"Bebe, wewe," alimwambia Mpiga Picha Mkuu, "nilikuita urekodi ngoma au tumbo lako?"

Watu walicheka, na mwenyewe akacheka akijipangusa vumbi. Lakini mzee hakucheka. Alisema magoti yake yamechoka na msimu ujao atacheza mara ya mwisho, kule Zagayu. "Siku hiyo nawataka watu wangu, mayu," aliniambia mimi, akiniita mama, sijui kwa nini mimi. "Nawataka wakihama."

Tuliporudi, Mkurugenzi aliagiza vibano viwili kutoka Mwanza kwa mtu wanayefahamiana, kimoja tukinunue na kingine tukirudishe. Kimoja kilikuwa cha kikono, kipya. Cha pili kilikuwa cha kuzungusha: pembeni kina skrubu yenye kichwa kikubwa, unaizungusha kwa vidole mpaka taya zake zibane pleti. Mpiga Picha Mkuu hakutaka hata kukigusa hiki cha pili.

"Ngoma haisubiri mtu azungushe skrubu," alisema. "Mpaka umalize, watu wameshahama, wamekula, wamelala."

"Na ukianguka chali tena?" Mkurugenzi aliuliza.

"Yalikuwa ni mafuta yale."

"Haya. Leteni gogo."

Tulifunga pleti kwenye kipande cha mwarobaini chenye uzito kama wa kamera. Mkurugenzi akachota vumbi la uani akavinyunyizia vibano vyote viwili, kama anayeweka chumvi kwenye mboga. Cha kikono kililia tak, nasi tukaamini, lakini gogo lilipotikiswa likacheza. Tulipobadilisha pleti, tukaweka ile yetu ya akiba ambayo ni nyembamba kidogo, kikono hakikuibana kabisa, kwa sababu taya zake husogea kiasi kilekile siku zote. Cha kuzungusha kiliibana hiyo nyembamba na ile nene pia. Tena mchanga ukiwa ndani, unausikia ukisaga chini ya vidole, unajua upulize kwanza. Kina pia vijipini viwili miishoni vinavyozuia pleti isiteleze hata ukisahau kukaza.

"Ni kizuri," Mpiga Picha Mkuu alikubali. "Lakini ni cha polepole. Mzee anataka watu wakihama. Nani atamaliza kuzungusha kwa wakati?"

Nilisema, "Mimi nitaanza mapema."

"Mapema kabla ya nini?"

"Kabla hawajahama."

"Heee! Mkurugenzi, kumbe tumeajiri mganga! Utawapigia ramli?"

Mkurugenzi alicheka mpaka akaketi. Kisha akarudisha kile cha kikono kwenye boksi lake.

Msimu uliofuata, kabla ya Zagayu, nilifanya kazi Lingeka na vijiji vya jirani, na popote palipokuwa na ngoma sikutazama wachezaji. Nilitazama watazamaji. Niliona kwamba vijana hukimbia ghafla, hao hawakwambii kitu. Lakini akina mama waliokaa chini hufunga upya kitenge cha mgongoni mwa mtoto, huku macho yakiwa kwingine. Na wazee hupeleka mkono chini ya kigoda. Mzee akishika kigoda chake, moyo wake umeshaondoka, bado miguu. Hapo ndipo nilipoanza kuzungusha.

Siku ya Zagayu watu walikuwa wamejaa upande wa pili, kule kwa vijana waliokuja na nungunungu hai wa kucheza naye. Stendi yetu ilimtazama ningi, akiimba huku ameupa mgongo uwanja na kuwatazama wachezaji wake, kama wanavyofanya viongozi wa ngoma. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. Nilidhani ameshindwa. Kisha akaimba mstari mmoja wa kuwatania wakwe, na ng'ambo nikaona mkono umeshuka kwenye kigoda. Mkono wa pili. Kitenge kikafungwa.

Nikashika skrubu.

"Bado!" Mpiga Picha Mkuu alinifokea. "Hakuna aliyehama! Utatukosesha yote mawili!"

Kama ningekosea, tungebaki bila ngoma na bila watu, na mzee hakuwa na msimu mwingine. Nilizungusha. Kamera ikaja begani, nikakimbia mpaka katikati ya uwanja mtupu, nikageuka. Uwanja mzima wa watu ukanijia.

Sasa nimestaafu. Watu hucheka nikisema hivyo, kwa kuwa ningali kijana, lakini kazi ya kukimbia nimeiacha. Nina kibanda cha picha za pasipoti Lingeka, nalea mtoto, na nimeridhika. Wanaonunua vifaa hunijia kuuliza, na wote huuliza kibano kinafunguka haraka kiasi gani. Nawaambia wakitie vumbi kwanza, wakifunge, ndipo waulize.

Ile picha ya Zagayu tulimpelekea ningi nyumbani kwake na kuiweka kwenye runinga ya mwanawe. Mzee alikaa karibu mno na kioo. Watu walipoanza kutoka ng'ambo, wazee na vigoda kichwani, akina mama wakikimbia huku wameshika migongo ya watoto, alikunja uso akikaza macho.

"Guku, babu, vipi, si wenyewe?" Mpiga Picha Mkuu aliuliza.

"Ndio wenyewe," alisema. "Miaka yote nawapa mgongo. Huwa nawasikia tu wakifika." Akasogea karibu zaidi. "Kumbe huja wakicheka."