Mwalimu Asiyeitikia Shikamoo

Nilipomaliza chuo nilirudi kwa mama mdogo, kijijini karibu na Chiungutwa, nikiwa na shahada moja na simu yenye ufa. Nyumbani wote walikubaliana kwamba simu ndiyo yenye faida.

Binti yake alikuwa kidato cha nne na alitaka kuwa nesi, kama wale anaowaona akipita hospitali ya Ndanda. Kikwazo kilikuwa kemia. Shule yake ilikuwa na maabara, meza ndefu na bomba lenye maji siku za mvua. Ilikosa kitu kidogo tu, mwalimu wa kemia. Mimi, niliyewahi kusikia semina nzima kuhusu masomo ya mtandaoni, nikatangaza kwamba umbali si tatizo tena. Nikamsajili, nikanunua bando la intaneti, nikamkalisha chini ya mkorosho wa mwisho shambani, mahali pekee ambapo mtandao hukubali kufika.

Mwalimu alitokea kiooni, kijana wa Dar es Salaam mwenye shati safi. Mama mdogo alikuja na kikapu cha korosho, akainama, maana kwake mwalimu ni mkubwa hata akiwa kijana.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu akaendelea na asidi.

"Shikamoo, mwalimu," akarudia, mara hii kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Mama, huyo amerekodiwa," nikasema.

"Akirekodiwa ndiyo haitikii?"

Nikaeleza habari za video. Nilieleza vizuri mno, nadhani hapo ndipo nilipoharibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtu asiye na adabu atamfundisha nini mwanangu? Kesho anaokota korosho na wenzake. Msimu haumsubiri mtu."

Mtihani ulikuwa karibu. Binti alifunga daftari. Mimi nilianza kuwaza. Niliwaza kumwandikia mwalimu anirekodie "marahaba" moja, nikaogopa ataniona mshamba. Nikawaza kuirekodi mwenyewe kwa sauti nzito, nikaogopa dhambi. Nikaandika ujumbe wa heshima, nikaufuta, nikauandika upya bila neno "samahani", nikaona sasa umekuwa amri. Chuo kilinifundisha kuliangalia tatizo kutoka pande zote. Kulitatua nadhani kulifundishwa muhula niliougua malaria.

Jumamosi kulikuwa na kipindi cha moja kwa moja. Nilimwomba mama mdogo amwachie binti kipindi kimoja tu. Akakubali, ila alikuja kusimamia, mikono kiunoni. Mwalimu alipotokea, mimi nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia. Binti akaandika kwenye sehemu ya maswali: "Shikamoo mwalimu. Mama yangu yupo hapa chini ya mkorosho, naye anakusalimu."

Mwalimu akasoma, akasogea karibu na kamera.

"Marahaba, mwanangu. Na mama naye, shikamoo mama. Korosho zinaendeleaje huko?"

Binti akawasha kipaza sauti.

"Marahaba, baba," mama mdogo akajibu, akiifunga vizuri khanga yake kana kwamba mgeni amefika uani. "Zipo, ila ndogo, mwaka huu tunda la bibo ndilo limenona. Umekula?"

Darasa zima, lililotawanyika nchi nzima, likasubiri mwalimu aeleze kwamba alikunywa chai na maandazi. Hapo bando langu liliungua kwa heshima kubwa. Kisha akarudi kwenye asidi, na binti akafungua daftari.

Mama mdogo aliwatazama kidogo, akachukua kikapu.

"Huyu ana wazazi," akasema. "Basi asome mpaka mtihani upite."

"Na korosho, mama?"

Akaniangalia, kisha akaninyooshea kikapu.

Sasa ninapowasikia watu wakisema masomo ya mtandaoni yanafungua nafasi, nakubaliana nao kabisa. Binti alipata nafasi ya kusoma kemia kivulini. Mimi nilipata yake, juani, nimeinama kati ya mabibo, nikijiuliza kama naokota kwa njia sahihi.